KAMERA ZA ULINZI: PICHA NYINGI SI ULINZI MWINGI

Kila msimu wa makisio ya fedha unapowadia, ombi moja linazidi kujitokeza katika mafaili ya halmashauri, manispaa, bandari, masoko na maghala: ombi la kamera za ulinzi. Wala haziombwi tena kamera za mtindo wa zamani, zilizokuwa zikirekodi tu na kumwachia mlinzi kazi yote ya kutazama. Zinazotakiwa sasa ni zile zinazounganishwa na kompyuta yenye programu ya utambuzi, ambayo huikagua picha na kusema: hapa pana mtu, hapa pana pikipiki, hapa pana lori, hapa pana mnyama. Ombi lenyewe hatulipingi. Mali ya umma yapasa kulindwa, na hakuna mwananchi mwenye akili timamu atakayekataa msaada wa chombo katika kazi hiyo. Tunalolipinga ni namna ombi hilo linavyoandikwa.

Mara nyingi huandikwa kwa kunakili karatasi ya mwenye duka. Kamera iwe ya ukali kadha wa kadha, itoe picha 25 au 30 kwa sekunde, idadi yake iwe kadha, basi. Ofisa anatia sahihi, zabuni inatangazwa, mzigo unafika, sherehe inafanywa. Hakuna aliyeuliza ni kompyuta gani itakayozipokea picha hizo, na itazimaliza lini.

Twende kwenye asili ya tarakimu hiyo. Picha 25 kwa sekunde ni kipimo cha televisheni. Ndugu zetu wa Unguja walikifahamu mapema kuliko watu wa Bara, kwa maana Televisheni Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara haikuwa hata na televisheni ya rangi mbili. Kasi hiyo iliwekwa ili jicho la binadamu lisione mkatiko. Mchezaji akikimbia, aonekane anakimbia, asionekane anarukaruka kama kikaragosi. Ni kipimo cha kumridhisha mtazamaji aliyeketi barazani. Mashine ya utambuzi haiketi barazani. Yenyewe huchukua picha moja, ikaikagua nukta kwa nukta, ikatoa jibu, kisha ikachukua nyingine. Haina haja ya mwendo laini. Inahitaji picha za kutosha kumkamata mpitaji kabla hajatoweka, na muda wa kutosha kuikagua kila moja.

Na hapa ndipo hesabu inapotakiwa, hesabu ya kawaida tu ya darasa la sita. Tuchukue kompyuta ndogo ya bei ya wastani ambayo hutumia sehemu ya kumi ya sekunde kukagua picha moja. Kompyuta hiyo inamaliza picha 10 kwa sekunde, haizidishi. Sasa tuifungie kamera nne, kila moja ikimwaga picha 25. Zinaingia 100, zinatoka 10. Baada ya dakika moja zimeingia 6,000, zimekaguliwa 600, na 5,400 zimepanga foleni. Kuzimaliza hizo peke yake kunataka sekunde 540, yaani dakika tisa. Mwizi akivunja kufuli ya ghala mwishoni mwa dakika hiyo ya kwanza, king'ora kitalia dakika tisa baadaye, na foleni inazidi kurefuka kila dakika inayopita. Mafundi walio waangalifu huzuia foleni kwa kuiamuru mashine itupe picha zinazozidi. Ni sawa, lakini basi Serikali imelipia picha 100, imezisafirisha kwa waya, na 90 kati yake zinatupwa bila mtu kujua ni zipi. Ingalikuwa vyema kuchagua tangu mwanzo zipi zitupwe.

Msomaji wa Visiwani huenda akauliza haya yanahusiana nini na Singida, ambako tunaandika kutoka. Yanahusiana sana, kwa kuwa Singida na Mji Mkongwe ni mifano miwili iliyo kinyume kabisa, na ni makosa kuandikiwa zabuni moja.

Mkoa wa Singida ni nchi ya uwanda. Ukisimama nje ya mji, jicho halikingwi na kitu isipokuwa jiwe kubwa hapa na mbuyu pale. Anayelinda ghala la alizeti au shehena ya vitunguu pale Misuna anataka kumwona mtu akiwa bado mbali, kabla hajafika ukutani. Tuseme ni mita 100. Kamera yenye uwanda wa nyuzi 90, kwa umbali huo, inafunika upana wa mita 200. Picha yenye nukta 1,920 kwa upana, ambazo mafundi huziita pikseli, inatoa nukta zisizofika kumi kwa kila mita moja ya nchi. Mtu mwenye kimo cha mita 1.7 anapata nukta kama 16 tu toka kisigino hadi utosi. Programu nyingi za utambuzi, ili zifanye kazi haraka, huipunguza picha kwanza hadi upana wa nukta 640. Hapo yule mtu anabaki na nukta tano. Nukta tano hazina kichwa wala miguu. Hata mama mzazi hawezi kumtambua mwanawe.

Kuiongeza kamera hiyo kasi, kutoka picha 5 hadi 25 au hata 60, hakumsaidii mlinzi kitu. Atapata nukta tano zilezile mara nyingi zaidi. Dawa ni kuikata picha vipande sita, kila kipande kikaguliwe kwa ukali wake kamili, na kuikubali gharama yake. Ile kompyuta yetu ya picha 10 sasa itamaliza picha nzima moja na nusu hivi kwa sekunde, na kwa kamera moja tu. Je, yatosha? Yatosha na kubaki. Mtu anayetembea huenda mita moja na nusu kwa sekunde; toka mita 100 hadi ukutani anatumia zaidi ya dakika moja. Mashine itamwona mara themanini na zaidi kabla hajaligusa lango.

Tuvuke bahari sasa, tuingie Mji Mkongwe, ulioandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ambao vichochoro vyake havikujengwa kwa ajili ya kamera. Hapa kijana aliyepokonya mkoba anatoka kwenye kona moja na kupotelea kwenye kona ya pili, na kati ya kona hizo huenda pana mita sita. Akikimbia mita tano kwa sekunde, anaonekana kwa sekunde moja na kidogo, kisha hayupo. Kamera inayokaguliwa mara moja na nusu kwa sekunde, ambayo Singida tumeisifu, hapa itampata mara moja, pengine mara mbili. Programu nyingi huwekewa sharti la kukiona kitu mara tatu mfululizo ndipo zipige king'ora, zisije zikapigia kelele kivuli. Mwizi amepita salama.

Lakini tazama faida ya kichochoro. Mtu yuko karibu. Kwa umbali wa mita nne, kamera ileile inafunika upana wa mita nane tu, na mtu anapata nukta zaidi ya 400. Hata picha ikipunguzwa hadi upana wa nukta 320, bado anabaki na nukta karibu 70, nazo zatosha kabisa kumtambua kuwa ni mtu. Picha ya upana wa 320 ina kazi ndogo mara nne kuliko ile ya 640. Kwa hiyo kompyuta yetu ileile, isiyoongezwa hata shilingi, sasa inaweza kukagua picha karibu 40 kwa sekunde, na hizo zikigawanywa kwa kamera nne ni 10 kwa kila kamera. Yule mkimbiaji wa mita sita ataonekana mara 12. Hakuna haja ya 25.

Basi mashine ni moja. Singida inahudumia kamera moja inayoona mbali polepole. Mji Mkongwe inahudumia nne zinazoona karibu upesi. Aliyeandika katika zabuni zote mbili "picha 25 kwa sekunde" amewanyima watu wa Singida ukali wa picha, na amewauzia watu wa Unguja kompyuta kubwa kuliko haja yao. Unguja kamera za mradi wa Mji Salama zimekwishafungwa, na wakubwa wanaohusika wakija kuzipanua au kuzibadilisha, hesabu ya kichochoro ifanywe kwa kichochoro, na ya bandari kwa bandari. Gati ya Malindi haifanani na mlango wa Darajani, wala Wete haifanani na Malindi.

Kuna kosa jingine linalotukera, la kudhani kuwa kasi ya picha huondoa ukungu wa usiku. Haiondoi. Ukungu wa mwendo hutokana na muda ambao jicho la kamera hubaki wazi kwa picha moja. Usiku, kwa uchache wa nuru, kamera hulazimika kulifumbua jicho muda mrefu. Likibaki wazi sehemu ya ishirini na tano ya sekunde, pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa imesogea sentimita 67 ndani ya picha hiyohiyo moja. Namba yake haisomeki, iwe kamera inatoa picha 5 au 25. Kinachotakiwa hapo ni taa. Taa ya barabarani ni rahisi kuliko kompyuta, tena inamfaa na mama anayerudi kutoka zahanati. Sisi tunashangaa kuona miradi ya kamera ikitangulia mahali ambapo taa haijawaka.

Mipaka ya chombo pia haiishii ndani ya chipu. Singida ni nchi ya upepo na vumbi, na wakati wa kiangazi upepo huo haupumziki. Wengi hupunguza mzigo wa kompyuta kwa kuiamuru ilale mpaka kitu kisogee mbele ya kamera. Shauri hilo ni jema na tunaliunga mkono, maana usiku mwingi hakuna kinachopita. Lakini kwa upepo wa Singida kila tawi linasogea, na mashine haitalala hata lepe. Fundi hana budi kuziba kwa amri maalumu sehemu za picha zenye miti na bendera, na kuacha wazi njia, lango na ukuta. Kazi hiyo hufanywa mahali penyewe, kwa siku kadhaa, na mtu anayeijua nchi. Haifanywi kwa simu kutoka Dar es Salaam.

Vilevile kuna joto. Kompyuta iliyofungiwa ndani ya kasha la bati juu ya nguzo, jua la saa nane likiipiga, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ile picha 10 ya kwenye karatasi inaweza kushuka sana wakati huo. Aliyejaza mzigo hadi ukingoni asubuhi atakuwa na foleni mchana. Tunashauri mzigo wa kawaida usizidi nusu ya uwezo uliopimwa, nusu nyingine ibaki kwa ajili ya joto na kwa ajili ya siku za msongamano. Siku ya Idi pale Mnazi Mmoja si sawa na Jumanne ya kawaida.

Habari ya umeme hatuna haja ya kuwasimulia watu wa Unguja. Wanakumbuka jinsi waya wa chini ya bahari ulivyoharibika mwezi Mei 2008, na jinsi kisiwa kilivyokaa gizani tena toka Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu mizima, hadi ulipokuja waya mpya mwaka 2013. Kamera inayotegemea kompyuta kubwa yenye kula umeme mwingi huzimika pamoja na mji, na wezi wanalijua hilo. Kompyuta ndogo, yenye kazi iliyopimwa, yaweza kulindwa na betri na paneli ya jua usiku kucha. Huu nao ni mlango wa kuchagua kasi ya chini: kila picha isiyo na lazima ni umeme unaotoka betrini. Na ni nafasi katika diski pia. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 4 kila sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya gigabaiti 1,200. Hata hivyo kurekodi na kutambua ni kazi mbili, nazo zaweza kutenganishwa. Kamera nyingi za leo hutoa mikondo miwili, mmoja mkubwa wa kuwekwa diskini kwa ushahidi, na mwingine mdogo wa kulishwa mashine ya utambuzi. Ofisa asiyelijua hili atauziwa kompyuta ya kukagua mkondo mkubwa, na atalipa.

Asiyetaka kusadiki kwamba picha chache zaweza kulinda, na atazame Serengeti. Katika pori la Grumeti ilijaribiwa kamera ya kufichwa njiani dhidi ya majangili, iliyotengenezwa na shirika la RESOLVE la Marekani, na majaribio ya toleo lake la awali yalisaidia kukamatwa kwa majangili 30. Toleo lililotangazwa Januari 2019, linaloitwa TrailGuard AI, lina chipu ndogo ya kampuni ya Intel ndani ya kamera yenyewe. Hulala mpaka kitu kipite. Huamka, ikachukua picha, ikaikagua hapohapo, na ikiwa ni swala ikanyamaza. Ikiwa ni mtu au gari, hutuma picha hiyo kwa askari. Watengenezaji wake walisema betri yake yaweza kudumu mwaka mmoja na nusu. Chombo hicho hakikujengwa kwa kushindana na televisheni. Kilijengwa kwa swali moja: je, huyu ni mtu? Mkoa wetu wa Singida una mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, na wakulima wa Manyoni na Itigi wanaujua msiba wa tembo aliyeingia shambani usiku. Tembo hapiti kwa sekunde moja. Kamera inayomkagua mara moja kwa sekunde, ikawaamsha wanakijiji angali kwenye kichaka, ingewafaa kuliko ile inayoonyesha mlio na vumbi lake kwa picha 30.

Tutaambiwa kuwa teknolojia inakwenda mbio na kesho mipaka hii haitakuwapo. Kweli inakwenda. Mwaka 2015 Joseph Redmon na wenzake walitangaza programu ya utambuzi iitwayo YOLO, iliyokagua picha 45 kwa sekunde, jambo kubwa sana kwa siku zile. Lakini ilifanya hivyo juu ya kadi ya michoro yenye nguvu na bei kubwa, isiyofungwa juu ya nguzo. Leo chipu ya ukubwa wa kidole gumba hufanya kazi ya namna hiyo. Hata hivyo kila uwezo unapoongezeka, wauzaji huongeza idadi ya kamera na ukali wa picha, na foleni inarudi palepale. Tutaje pia, kwa kuwa watu hawalitaji, kwamba Redmon huyohuyo alitangaza mwaka 2020 kuacha utafiti wa fani hiyo, kwa hofu ya matumizi ya kijeshi na ya kuingilia faragha za watu. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kamera inayotosheka na kusema "hapa pana mtu", bila kumhifadhi kila mpita njia kwa picha 25 za kila sekunde, iko karibu zaidi na roho ya sheria hiyo, na pia na adabu ya mji ambao madirisha yake yanatazamana.

Fedha za kununulia vyombo hivi ni za wananchi, na fedha ya wananchi ni amana. Kwa hiyo tunawataka wakuu wa vitengo vya ununuzi, Bara na Visiwani, waiondoe tarakimu ya picha kwa sekunde kichwani mwa zabuni. Mahali pake waandike kinacholindwa ni nini, mlengwa atakuwa umbali gani na anakwenda kasi gani, awe na kimo cha nukta ngapi ndani ya picha inayokaguliwa, na king'ora kilie ndani ya sekunde ngapi tangu atokeze, kamera zote zikiwa kazini kwa pamoja. Muuzaji ndiye afanye hesabu ya kasi na ya kompyuta, kisha aithibitishe. Kwa ghala la Singida, mtu atembee kutoka mita 100 katika usiku wa upepo. Kwa kichochoro cha Unguja, kijana akimbie kutoka kona hadi kona mara ishirini, na ihesabiwe ni mara ngapi ameonekana. Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mikononi mwa Serikali hadi jaribio hilo likamilike, nalo lifanywe usiku, kabla ya kukatwa utepe.